Muhumusa, mama wa kifalme aliyekataa utawala wa wazungu

Somo la historia kwa madarasa ya juu. Wadogo nao wasome, wasiogope majina mengi.



Katika kozi ya historia ya Ulaya tulifika kwa habari ya mama mmoja wa Hungaria, Ilona Zrínyi. Tulipomaliza, msichana mmoja alinyoosha mkono akauliza: «Mwalimu, na kwetu huku? Siye tulikosa mama kama huyo?» Wavulana wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti ya chini: «Bamama ba kwetu balikuwa mu mashamba.»

Swali lile halikuwa la kucheka. Kengele ililia mbele sijajibu, basi najibu hapa. Mama alikuwako. Hakuwa mbali na sisi. Mtu akitoka Masisi, akipita Sake na Goma, akapanda kwa Rutshuru, akavuka Bunagana na kupita Kisoro, anafika Kabale, katika nchi ya zamani ya Ndorwa. Pale ndipo jina la Muhumusa lilipotisha serikali tatu za wazungu.

1. KWANZA, TURUDILIE HABARI YA ILONA

Wale ambao kaye zao zina nafasi wazi, waandike sasa.

Ilona Zrínyi alizaliwa mwaka 1643 katika nyumba ya watu wakubwa. Wakati ule Kaisari wa ukoo wa Habsburg, aliyekaa Vienna, alitafuta kuishika Hungaria yote mkononi mwake. Baba ya Ilona, Péter Zrínyi, aliingia katika shauri la kumpinga Kaisari, na mwaka 1671 akakatwa kichwa. Bwana wa kwanza wa Ilona alikufa mwaka 1676, akamwachia watoto wawili wadogo. Kisha aliolewa na Imre Thököly, mkubwa wa waasi.

Thököly alipokuwa mbali, majeshi ya Kaisari yalizunguka ngome ya Munkács (leo mji ule unaitwa Mukachevo, katika nchi ya Ukraine). Ilona alikuwa ndani pamoja na watoto na askari. Tangu mwezi wa 11 wa mwaka 1685 mpaka mwezi wa 1 wa mwaka 1688 alikataa kufungua mlango. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili. Mwishoni alishindwa. Alipelekwa Vienna, watoto wake wakaondolewa mikononi mwake. Alikufa mwaka 1703 ugenini, katika nchi ya Waturuki. Lakini mwaka ule ule mtoto wake, Ferenc Rákóczi, alisimamisha vita juu ya Kaisari, na vita vile vilidumu mpaka 1711.

Shikeni mambo matano katika habari hii: mjane, mtoto wa ukoo mkubwa, mahali pa kujificha, kushindwa, na kufa ugenini. Tutayakuta tena yote matano.

2. UGOMVI JUU YA NGOMA

Mfalme Rwabugiri wa Rwanda alikuwa mtu wa vita. Wazee wa kando ya ziwa Kivu, wa Idjwi na wa Bushi, walimjua kwa majeshi yake. Alikufa mwaka 1895, wakati wa safari ya vita ya upande wa Bushi. Mtoto wake Rutarindwa akashika ngoma.

Hapa tunapaswa kueleza jambo moja. Katika Rwanda mfalme hakutawala peke yake. Alikuwa na mama wa mfalme, anayeitwa umugabekazi, naye alikuwa na nguvu kweli kweli, na watu wake na mashauri yake. Mama ya Rutarindwa alikuwa amekwisha kufa. Kwa hiyo Rwabugiri alikuwa amemweka mke wake mwingine, Kanjogera, kuwa mama wa mfalme. Lakini Kanjogera alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Musinga. Ninyi wenyewe mnaona hatari. Mwaka 1896, mahali panapoitwa Rucunshu, Kanjogera na ndugu zake walimshambulia Rutarindwa. Rutarindwa akafa, na Musinga, aliyekuwa kijana bado, akawekwa kwa kiti.

Mwaka uliofuata, 1897, ofisa wa Wadachi (ndio Wajerumani), Kapiteni Ramsay, alifika kwa Musinga, akampa bendera na barua ya ulinzi. Wadachi hawakuuliza sana kama Musinga alipata ngoma kwa haki ao kwa damu. Walitafuta mfalme mmoja ambaye watatawala kupitia kwake. Naye Kanjogera alitafuta bunduki za kulinda kiti cha mtoto wake. Kila mmoja alipata alichotaka.

Lakini watu wengi wa Rwanda, zaidi upande wa kaskazini, walisema kwamba Musinga si mfalme wa kweli. Walingoja mwingine.

3. MUHUMUSA NA NGUVU YA NYABINGI

Ndipo anatokea Muhumusa. Yeye alisema kwamba alikuwa mke wa Rwabugiri, na kwamba mtoto wake Biregeya ndiye mrithi wa haki. Adui zake walisema ni mwongo. Wafuasi wake walisema ni malkia aliyenyanganywa. Jambo moja lilionekana kwa macho: aliongea, alitembea na aliamuru kama mtu wa nyumba ya mfalme, na maelfu ya watu walimsikiliza.

Alikwenda kukaa Ndorwa, kwa milima iliyo leo sehemu katika kaskazini ya Rwanda na sehemu katika Uganda. Ndorwa ilikuwa zamani na wafalme wake, mbele Rwanda haijaishinda. Watu wa milima ile, wengi wao Wakiga, hawakupenda kuamriwa na mfalme ye yote. Walichoheshimu ilikuwa Nyabingi.

Nyabingi ni nani? Wazee walihadisia kwamba alikuwa mwanamke mkubwa wa zamani aliyeuawa, na roho yake ikarudi kwa nguvu. Wale waliosema kwa jina lake waliitwa bagirwa, wanaume na wanawake. Watu waliwaletea pombe, mbuzi na ng'ombe, wakaomba watoto, afya na ulinzi. Waangalieni vizuri bagirwa hao: hawakuwekwa na mfalme, na mfalme hakuweza kuwaondoa. Ndiyo maana wakubwa wa Rwanda waliwaogopa na mara nyingine waliwaua.

Muhumusa aliunganisha vitu viwili ambavyo mbele havikukaa pamoja. Cheo cha nyumba ya mfalme, alikuwa nacho. Sauti ya Nyabingi, aliichukua. Kwa cheo aliwavuta wale waliomchukia Musinga. Kwa Nyabingi aliwavuta wale waliochukia wafalme wote. Ilona alikuwa na ngome ya mawe. Muhumusa hakuwa na mawe, alikuwa na imani ya watu na milima yenye ukungu.

4. KIFUNGO CHA KWANZA, NA VITA VYA 1911

Nyumba ya Musinga ililalamika kwa Wadachi. Serikali yao ikamkamata Muhumusa, ikampeleka Bukoba, kando ya ziwa Nyanza, akafungwa karibu miaka miwili. Mwaka 1911 aliachiliwa. Walifikiri amepoa. Kumbe hapana.

Wakati alipokuwa mbali, jambo lingine lilikuwa limefanyika, bila yeye na bila watu wa milima kuulizwa. Mwaka 1910, huko Bruseli, Waingereza, Wadachi na Wabelgiji walikaa mezani, wakagawana nchi ya milima ya moto. Mlima Sabinyo ukawa pembe ambapo mipaka mitatu inakutana. Bufumbira ikawa ya Waingereza, kisiwa cha Idjwi kikawa cha Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1911 watu wa kupima ardhi walikuja kupanda mawe ya mpaka. Mtu alilala akiwa jirani ya shemeji yake, akaamka shemeji ni mtu wa serikali nyingine. Jambo hili sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Muhumusa alisimama upande wa Waingereza, akatangaza kwamba wazungu watafukuzwa. Aliwaambia watu kwamba ngoma takatifu ya Rwanda, Karinga, iko katika pango la mlima Ihanga, na kwamba siku ataipata, ng'ombe wengi watatoka katika ardhi. Wafuasi walisadiki pia kwamba risasi za wazungu zitageuka kuwa maji. Mnakumbuka somo la vita vya Maji Maji katika Tanganyika, 1905 mpaka 1907? Ni tumaini lile lile la mtu asiye na bunduki. Tusiwacheke. Mtu anayesimama na mkuki mbele ya bunduki anatafuta neno la kumshikisha miguu asikimbie.

Alianza kuwapiga wakubwa wa vijiji waliokubali kutumika na Waingereza. Mwezi wa 9 wa 1911, askari wa Waingereza, pamoja na Waganda waliotumika na serikali, walimfuata kwa mlima wake. Wafuasi wake wengi waliuawa. Muhumusa mwenyewe alipigwa risasi kwa mguu, akakamatwa. Alipelekwa Mbarara, kisha Kampala.

Risasi hazikugeuka maji. Lazima tuandike hivyo, hata kama tunampenda mama huyu.

5. NDUNGUTSE, NA ALAMA YA UDONGO

Kama vile kwa Ilona, habari haikuisha na kukamatwa kwa mama. Kijana mmoja, Ndungutse, alitokea kaskazini ya Rwanda. Alijitangaza kuwa mtu wa damu ya kifalme, na wengi walimhesabu kuwa mtoto wa Muhumusa. Katika miezi ya kwanza ya 1912 karibu kaskazini yote ilimfuata. Basebya, mkubwa wa Watwa mwenye wapiga mishale hodari, alikuwa pamoja naye.

Kwa nini wakulima walimfuata? Sikilizeni hapa, sababu hii ndiyo mzizi wa somo. Ndungutse aliwaahidi kuwaondolea uburetwa, ndiyo kazi ya bure ambayo mkulima alilazimishwa kumfanyia chifu wa mlima kila juma. Mkulima hakulia juu ya Rutarindwa wala Biregeya. Alilia juu ya mgongo wake. Yeye na mtoto wa mfalme walikwenda njia moja, lakini kila mmoja alikuwa na safari yake.

Na njia zile ziliachana upesi. Kwa Ndungutse alikuwa amekimbilia Rukara, mkubwa wa ukoo mmoja wa kaskazini, aliyetafutwa na Wadachi kwa sababu ya kuuawa kwa Padri Loupias wa misioni ya Rwaza, tarehe 1 mwezi wa 4, 1910. Ndungutse alitaka Wadachi wamkubali yeye kuwa mfalme pahali pa Musinga. Basi akamtoa Rukara mikononi mwao. Mgeni aliyekimbilia kwake, akamuuza! Rukara alinyongwa mwezi wa 4 wa 1912.

Je, ile zawadi ilimsaidia Ndungutse? Hapana. Mwezi ule ule ofisa Gudowius, pamoja na askari wake na majeshi ya Musinga, alishambulia. Nyumba na mashamba ya kaskazini yalichomwa. Wadachi walitangaza kwamba Ndungutse ameuawa. Watu wengi hawakusadiki, wakamngoja kwa miaka. Basebya alikamatwa, akapigwa risasi. Wakulima walirudi chini ya uburetwa, na machifu wakawa na askari wa kuwasaidia kuidai.

6. SHERIA YA MWAKA 1912

Mwaka ule ule wa 1912, serikali ya Uganda iliweka sheria juu ya uchawi. Katika Kigezi sheria ile ilitumiwa sana kuwafunga bagirwa wa Nyabingi. Fikirini maana yake. Mtu akikataa kodi ao kazi ya barabara, anaweza kusema: nina sababu. Mnaweza kusikia sababu yake, mkaikubali ao mkaikataa. Lakini akiitwa mchawi, hakuna anayeuliza sababu tena. Jina limefunga mdomo wake mbele ya gereza kufunga miguu.

Hata hivyo moto haukuzimika. Wakati wa vita vya 1914-1918, mtu aliyeitwa Ntokibiri, maana yake mwenye vidole viwili, alipita huku na huku kwa mpaka wa Kongo na Uganda, akisumbua Wabelgiji na Waingereza wote wawili. Mwaka 1917 watu wa Nyakishenyi, katika Kigezi, walishambulia kituo cha watu wa serikali. Ntokibiri aliuawa mwaka 1919. Mwaka 1928 fujo ya Nyabingi ilirudi tena katika Kigezi na kaskazini ya Rwanda.

7. MWISHO WAO WOTE

Muhumusa hakuruhusiwa kurudi kwao. Alikaa Kampala chini ya ulinzi tangu 1911 mpaka kufa kwake mwaka 1945. Hesabuni: miaka 34. Alikuwako wakati Wadachi walipofukuzwa Rwanda na Wabelgiji mwaka 1916. Vita vya dunia viwili vilipita juu ya kichwa chake.

Na wale waliomshinda? Hapa historia inatupa jambo la kutunyamazisha. Kanjogera na Musinga walishinda Rucunshu, walishinda juu ya Muhumusa, walishinda juu ya Ndungutse, na kila mara bunduki ya mzungu ilikuwa nyuma yao ao karibu yao. Lakini mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga katika kiti, wakampeleka Kamembe. Kanjogera alikwenda pamoja na mtoto wake, akafa huko mwaka 1933. Kisha Musinga alihamishwa mbali zaidi, mpaka Moba, kwetu Kongo, kando ya ziwa Tanganyika. Alikufa huko mwaka 1944.

Basi yule aliyekataa alikufa uhamishoni mwaka 1945, na yule aliyekubali alikufa uhamishoni mwaka 1944. Bwana mgeni aliwalipa mshahara mmoja. Mtu asituambie kwamba kukubali kulikuwa njia ya usalama.

8. TUSEME NINI JUU YAKE?

Nilipoeleza habari hii kwa kifupi mbele ya darasa lingine, mwanafunzi mmoja aliuliza: «Mwalimu, siye ni watoto wa shule ya Kiprotestanti. Tutamsifu mama wa mizimu namna gani?»

Ni swali la haki, na ninalijibu hivi. Kueleza si kuabudu. Mtu anaweza kuikataa Nyabingi kabisa, na bado akasema ukweli juu ya Muhumusa. Hata wakristo wa Kigezi, wazazi wao wengi walikuwa wamepeleka pombe na mbuzi kwa bagirwa. Hawakupata imani yao kwa kusahau wazazi, waliipata wakijua walichoacha. Anayeacha jambo asilolijua hakuacha kitu. Katika Biblia yetu Debora alikaa kuamua watu na akaita jeshi. Hakuna mtu anayeshangaa kwamba mwanamke aliweza kazi ile. Basi tusishangae kwamba Muhumusa aliiweza katika Ndorwa. Tubishane juu ya jina aliloita, si juu ya kwamba alikuwa mwanamke.

Lakini tusimpake rangi pia. Alipigana kwanza kwa ajili ya kiti cha mtoto wake. Watu wake mwenyewe waliojiunga na Waingereza aliwatisha vikali. Kama angeshinda, je, mkulima angeondolewa uburetwa? Tukitazama Ndungutse alivyomtoa Rukara, tuna haki ya kuuliza. Na Ilona vilevile. Nyumba yake ilikuwa na mashamba makubwa na watumwa wa ardhi. Alimkatalia Kaisari, lakini yeye mwenyewe alikuwa na watu wasioweza kumkatalia yeye.

Hapa ndipo ninaona fundisho. Mtu mkubwa akipigana na mtawala mgeni, wadogo wanajiunga naye sababu wana vilio vyao. Vita vinapokwisha, uliza: kilio cha mkubwa kilisikiwa, na cha wadogo je? Neno «kupinga» ni moja, lakini ndani yake mna watu wengi. Mwanafunzi wa historia anapaswa kuwatenganisha.

Jambo lingine: tunamjua Muhumusa namna gani? Habari nyingi zilitoka katika ripoti za maofisa waliomwinda. Ofisa anamwandikia mkubwa wake aliye mbali. Akisema adui ni hatari sana, atapewa askari. Akisema ni mwenda wazimu, hataulizwa kwa nini watu wanamfuata. Ukisoma ripoti ya namna ile, usiitupe, lakini uliza mara tatu: nani anaandika? anamwandikia nani? anatafuta nini? Na ukisikiliza mzee naye, uliza vilevile. Mzee si ripoti, lakini yeye pia ana ukoo, na ukoo una upande.

9. NA SISI WA MASISI NA WALIKALE

Msifikiri kwamba haya ni mambo ya ng'ambo ya mpaka tu. Kwa Wanyanga wa Walikale, mwana anayerithi ubwami si mtoto wa mke ye yote, ni wa mke wa desturi anayeitwa mumbo. Kwa hiyo hapa pia, mbele ya kuuliza nani ni mwami, wazee waliuliza mama yake ni nani. Tena, tangu 1937 serikali ya Wabelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kuzikalisha Masisi, upande wa Gishari. Watu wale walikuja na majembe na vyungu, na katika kumbukumbu zao habari za nchi waliyoacha. Jina la Nyabingi si geni katika milima yetu. Na mwaka 1944, wakati wa taabu ya kazi za vita, kulitokea maasi ya Bushiri, yaliyogusa nchi kati ya Lubutu na Masisi. Tunajua jina la Bushiri. Majina ya wanawake waliopika chakula cha waasi, waliowaficha, waliofiwa na mabwana zao, nani ameyaandika?

Basi msichana aliyeuliza «Na kwetu huku?» aliuliza vizuri kuliko alivyojua. Jibu la kwanza ni Muhumusa. Jibu la pili haliko katika kitabu. Liko nyumbani, kwa nyanya yako, kando ya moto. Likizo inakuja. Yeye hatakungoja miaka yote. Mkifika nyumbani, wasalimieni wazee kwanza, wapeni kuni na maji, kisha ulizeni kwa adabu, mkiwa na kaye mkononi. Na yule mvulana aliyesema bamama balikuwa mu mashamba, yeye namwomba aulize hili: wanaume walipokamatwa kwa kazi ya barabara na ya migodi, ni nani aliyelisha kijiji kutoka mashamba yale?

MANENO YA KUSHIKA

Umugabekazi: mama wa mfalme katika Rwanda.
Karinga: ngoma takatifu, alama ya ufalme wa Rwanda.
Bagirwa: wale waliosema na kuamuru kwa jina la Nyabingi.
Uburetwa: kazi ya bure ya kulazimishwa kwa ajili ya chifu.
Mumbo: kwa Wanyanga, mke wa desturi ambaye mwana wake anarithi ubwami.

MIAKA YA KUKUMBUKA

1895, kufa kwa Rwabugiri. 1896, Rucunshu. 1897, bendera ya Wadachi kwa Musinga. 1910, mkutano wa Bruseli juu ya mipaka. 1911, kukamatwa kwa Muhumusa. 1912, kushindwa kwa Ndungutse, na sheria ya uchawi katika Uganda. 1931, kuondolewa kwa Musinga. 1945, kufa kwa Muhumusa.

MASWALI

1. Linganisha Ilona Zrínyi na Muhumusa: taja mambo matatu yanayofanana na mawili yanayotofautiana.
2. Kwa nini Wadachi walichagua kumlinda Musinga? Kwa nini Kanjogera alikubali?
3. Muhumusa aliunganisha cheo na Nyabingi. Kila kimoja kilivuta watu gani?
4. Ndungutse alimtoa Rukara kwa Wadachi. Alitumaini nini, na alipata nini?
5. Eleza hatari ya kumwita mchawi mtu anayepinga serikali. Toa mfano kutoka somo hili.
6. (Kwa madarasa ya 5 na 6.) «Mkubwa na mdogo wanaweza kupinga mtawala mmoja bila kutaka jambo moja.» Ukubali ao ukatae, lakini leta sababu. Kurasa mbili, mwandiko safi.
7. Kazi ya likizo: andika habari ya mwanamke mmoja wa kijiji chenu aliyesimama imara wakati wa taabu. Andika pia ni nani aliyekuhadisia, na upande wake ni upi.

Kazi za swali la 7 zitasomwa mbele ya darasa mwanzo wa muhula. Atakayenakili ya mwenzake atajulikana, sababu nyanya wawili hawahadisii kwa maneno yale yale.